Darsa Juu ya Asabia ya Vyama: Kwa Nini Mtu Hushika Jina la Chama kama Jina la Baba Yake

Tunamhimidi Mwenyezi Mungu aliyetuumba wa namna nyingi akatutaka tujuane, na tunamsalia Mtume wake Muhammad, pamoja na jamaa zake na sahaba zake.

Amma baad. Katika darsa hii twataka kuchungua jambo moja ambalo kulla mtu wa pwani yetu amelionja, na wachache ndio waliokaa wakalifikiri. Nini kinachomfanya mtu mwenye akili, mwenye kuswali na kufunga, ashike jina la chama cha siasa kama ashikavyo jina la baba yake? Kwa nini rangi ya kitambaa imfurahishe au imuudhi kuliko khabari ya jirani aliyefiwa? Hili si jambo la mchezo. Kwa ajili yake watu wameacha wake zao, maiti wamekosa wa kuwachukua, na ndugu wa tumbo moja wamepitana njiani bila ya salamu. Tabibu asiyejua asili ya maradhi hutibu jina lake tu, na maradhi hubaki mwilini.

Wengi katika sisi hujibu upesi, wakasema: "Khitilafu zetu zimetokana na mambo ya kale, na Usultani, na mashamba ya karafuu, na nani Mwarabu na nani Mwafrika, kisha yakaja Mapinduzi." Jawabu hili lina kweli ndani yake, lakini halitoshi. Na ili msomaji aone ya kuwa halitoshi, tutamwondoa kidogo baharini, tumpeleke mpaka Babati.

FASILI YA KWANZA: MJI WA BARA NA KISIWA CHA PWANI

Babati ni makao makuu ya mkoa wa Manyara, mkoa uliokatwa katika mkoa wa Arusha mwaka 2002. Mji umekaa karibu na ziwa lenye viboko, penye njia panda ya barabara za Arusha, Dodoma na Singida. Sokoni mwake hukutana watu ambao lugha zao hazina ujamaa: Wagorowa na Wairaki, wenye lugha za Kikushi, Warangi, ambao wengi wao ni Waislamu, na lugha yao ni ya Kibantu, na Wabarbaigi wafugaji, ambao lugha yao ni ya jamaa nyingine tena. Huko hapakuwa na Sultani wa kugombaniwa, wala karafuu, wala Mapinduzi ya mwaka 1964. Mtu angetazamia siasa ya mji kama huo iwe baridi kama maji ya mtungi.

Haikuwa hivyo. Katika uchaguzi wa mwaka 2015 jimbo la Babati Mjini lilichukuliwa na CHADEMA, na mbunge wake akawa Bibi Pauline Gekul. Mwaka 2018 mbunge huyo huyo akatoka CHADEMA akaingia CCM, akarudi Bungeni kwa bendera ya pili. Hatusemi neno juu ya nia yake, kwani nia yajuliwa na Mola wake. Twatazama wafuasi tu. Mtu mmoja, elimu yake ile ile na sauti yake ile ile, alihama rangi, na pamoja naye zilihama sifa na lawama: waliokuwa wakimsifu wakaanza kumlaumu, na waliokuwa wakimlaumu wakaanza kumsifu.

Na nchi nzima ilikuwa imekwisha kuona mfano mkubwa zaidi. Bwana Edward Lowassa alikuwa Waziri Mkuu kwa CCM hata alipojiuzulu mwezi wa Februari 2008. CHADEMA walimshutumu miaka mingi. Mwaka 2015 alihamia kwao, wakamfanya mgombea wao wa Urais, akapata kura zaidi ya milioni 6. Mwaka 2019 akarudi CCM. Kulla alipovuka mto, watu wa ng'ambo moja walimpokea kwa shangwe na wa ng'ambo ya pili wakamzomea, kisha wakabadilishana kazi. Kama watu walikuwa wakipima maneno na vitendo vya mtu, mizani ingebaki mahali pake. Kumbe kilichopimwa ni bendera.

Sasa turudi pwani. Hizbu, yaani Zanzibar Nationalist Party, kilianza mwaka 1955, na Afro-Shirazi kikafuata mwaka 1957. Kabla ya miaka hiyo mtu wa Unguja alikuwa na mtaa wake, kabila lake, msikiti wake na tarika yake, lakini hakuwa na chama. Kufika uchaguzi wa Januari 1961, watu wa Hizbu walikuwa hawanunui katika duka la mtu wa Afro-Shirazi, wala huyu hanunui kwa yule. Wenye mashamba waliwatoa wakulima waliokaa juu ya ardhi zao kwa sababu ya kura. Na mazishi yakaanza kuwa ya upande. Uchaguzi wa Juni mwaka huo huo ulifuatwa na machafuko, wakauawa watu 68. Vyama vyenyewe vilikuwa havijatimiza miaka 6, na watu walikuwa wakiuana kwa majina yake kana kwamba wamerithi kutoka kwa mababu wa mababu.

Basi Babati yatufunza jambo hili: historia ya kale ni kuni, lakini moto wenyewe unatoka katika nafsi ya mwanadamu, na nafsi hiyo iko bara kama ilivyo pwani.

FASILI YA PILI: SABABU TANO

Tukichungua tutaona ya kuwa mtu huingia katika jina la chama kwa milango mitano, na mlango wa rai, yaani kufikiri na kuchagua, si wa kwanza katika hiyo.

Mlango wa kwanza ni urithi. Mtoto husikia nyumbani nani asifiwaye na nani atukanwaye kabla hajajua kura ni nini. Wanavyuoni wa Marekani wa chuo cha Michigan walichapisha mwaka 1960 utafiti mkubwa juu ya wapiga kura wa nchi yao, wakaona ya kuwa watu wengi huwa na chama cha wazazi wao, na hushikamana nacho umri wao wote, hata wasipoweza kueleza chama hicho chataka nini.

Mlango wa pili ni ujirani na baraza. Mtu hukaa barazani na wenziwe kulla jioni. Wakicheka hucheka, wakikasirika hukasirika. Kuwa peke yake katika rai ni jambo zito, kwa sababu khasara yake ni ya leo: kahawa isiyo na mwenzi, na arusi isiyo na mwaliko. Faida ya rai iliyo sawa ni ya kesho, na huenda asiione.

Mlango wa tatu ni haja ya kinga. Hapa wazee wetu wa baharini wana mfano ulio wazi. Katika karne ya 19 wenye majahazi wa Sur, katika Oman, walipandisha bendera ya Ufaransa. Hawakuipandisha kwa kuipenda Paris. Waliipandisha kwa sababu manowari za Waingereza zilikuwa zikisimamisha vyombo na kuvipekua, khasa kwa ajili ya biashara ya watumwa, na chombo chenye bendera ya Ufaransa hakikuguswa. Jambo hilo likawa kesi baina ya dola mbili, ikahukumiwa The Hague mwaka 1905. Kadhalika watu wengi wameshika bendera ya chama ili wapate kiwanja, au kazi, au wasisumbuliwe. Lakini angalia yatendekayo: baba hupandisha bendera kwa haja, na mwana huikuta mlingotini akadhani ni dini.

Mlango wa nne ni jeraha. Mtu aliyedhulumiwa, au aliyeona baba yake akidhulumiwa, hashiki chama kwa ajili ya manufaa. Hukishika kama ashikavyo kaburi la mtu wake. Baada ya uchaguzi wa mwaka 1995, Pemba iliona tena maduka yanayosuswa na mazishi yanayokimbiwa. Tarehe 27 Januari 2001 maandamano ya CUF yalikutana na risasi, watu wakafa Unguja na Pemba, na wengine zaidi ya 2,000 wakavuka bahari kukimbilia Shimoni, katika Kenya. Mwenye kumwambia mtu wa namna hii "acha siasa" hakumfahamu. Yeye hasemi siasa, asema msiba. Na jeraha halitibiwi kwa mawaidha peke yake, latakiwa insafu.

Mlango wa tano ni wa ndani kabisa, nao ni kupenda nafsi kujiona bora. Bwana Henri Tajfel, mwalimu wa elimu ya nafsi katika mji wa Bristol, Uingereza, alifanya jaribio lililochapishwa mwaka 1970. Alichukua wavulana wa skuli, akawagawa makundi mawili kwa jambo lisilo na maana, kama kupenda picha za mchoraji huyu au yule. Hawakujua nani yumo kundi gani, wala hawakupata chochote kwa nafsi zao. Kisha akawapa nafasi ya kuwagawia wenzao fedha kidogo. Waliwapendelea wa kundi lao. Na mara nyingi walikhiyari watu wao wapate kidogo, maadamu wale wengine wapate kidogo zaidi, kuliko wote kupata kingi. Hapakuwa na uadui wa kale, wala dhulma, wala ardhi. Palikuwa na jina tu.

Na jina lenyewe laweza kuzaliwa kwa bahati. Katika kura ya maoni ya Kenya ya mwaka 2005, tume iliwapa waliokubali katiba alama ya ndizi, na waliokataa alama ya chungwa, ili asiyejua kusoma asipotee. Chungwa likashinda, likawa jina la chama, na baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 watu zaidi ya 1,000 waliuawa katika fitina ambayo rangi hiyo ilikuwa upande mmoja wake. Na zamani zaidi, katika mji wa Constantinople, wapenzi wa mashindano ya magari ya farasi waligawanyika kwa rangi za waendeshaji, Wabuluu na Wakijani. Mwaka 532, kabla ya kuzaliwa Mtume wetu, ulizuka msukosuko wa makundi hayo, na mwanahistoria wa zama zile, Procopius, ataja waliouawa kuwa zaidi ya 30,000.

Ama rai, hiyo huja baada ya milango hii mitano, nayo mara nyingi huja kama wakili aliyekodiwa: haamui kesi, huitetea tu.

FASILI YA TATU: SHAKA NA MAJIBU YAKE

Huenda msomaji akasema: "Ikiwa ni hivyo, Mwislamu aepuke vyama vyote, akae msikitini."

Twajibu: La. Ibn Khaldun, aliyezaliwa Tunis mwaka 1332 na kufa Cairo mwaka 1406, aliieleza asabia kuwa ndiyo nguvu iwafanyayo watu kusimama pamoja, na bila yake hapana dola isimamayo wala mnyonge alindwaye. Masikini mmoja akinung'unika hasikiwi. Masikini elfu wakiwa na jina moja husikiwa. Wenye kukaa kando huwaachia nchi wasiokaa kando. Chama ni chombo, na chombo si haramu kwa kuwa nakhodha mwingine amekizamisha.

Huenda mwingine akasema: "Chama chetu si kama vingine, chetu kina haki."

Twajibu: Huenda ikawa kweli, na vyama havilingani katika kulla jambo. Lakini haki ya jambo haimtakasi mwenye kulishika. Twasoma katika khabari za Mtume, rehema na amani zimfikie, ya kuwa katika safari moja ya vita mtu katika Muhajirina alimpiga mtu katika Ansari. Huyu akawaita watu wake kwa jina la Ansari, na yule akawaita wake kwa jina la Muhajirina. Mtume akaukemea mwito huo, akaufananisha na kitu kinachonuka, akawaamrisha wauache. Zingatia, ewe ndugu. Majina haya mawili ni matukufu, na Qur'ani yenyewe imewasifu wenye majina hayo. Kosa halikuwa katika jina. Kosa lilikuwa katika kulitumia ili watu wamnusuru mwenzao kabla ya kuuliza nani aliyekosa. Ikiwa jina la Ansari laweza kunuka likitumiwa hivyo, jina la chama kilichoandikishwa kwa Msajili litakuwaje?

Huenda wa tatu akasema: "Haya yamepita, watu sasa wamefunguka macho."

Twajibu: Tazama Machi 2019. Mahakama Kuu ilipohukumu katika mgogoro wa CUF kwa upande wa Profesa Lipumba, Maalim Seif Sharif Hamad alitangaza kuhamia ACT-Wazalendo. Mara ofisi za chama Unguja na Pemba zikapakwa rangi ya zambarau, na wafuasi wengi wakahama pamoja naye. Hapa pana dalili mbili. Ya kwanza, ya kuwa mapenzi ya watu hayakuwa juu ya jina la CUF, bali juu ya mtu na jamaa na jeraha lao. Ya pili, ya kuwa rangi iliyofiwa kwa miaka 20 yaweza kufutwa kwa brashi katika siku moja. Basi aliyemkata ndugu yake kwa ajili ya rangi ile, arudi leo amwambie nini?

FASILI YA NNE: ALAMA ZA MARADHI NA DAWA YAKE

Mtu ajipime kwa alama nne. Ya kwanza, akisikia khabari huuliza "imetoka kwa nani?" na haulizi "ni kweli?" Ya pili, kosa la mtu wake huliita bahati mbaya, na kosa lile lile la mwingine huliita tabia. Ya tatu, chama chake kikigeuza neno, naye hugeuka asijue ya kuwa amegeuka. Ya nne, nayo ndiyo ya khatari, hufurahi moyoni kwa msiba wa mtu wa upande wa pili. Mwenye alama hii ya nne asijidanganye. Chama kimetoka mkononi mwake kimeingia mahali pa imani.

Na dawa yake ni kutenga mambo matano yasiyoguswa na chama, hata siku ya uchaguzi.

Salamu: haki ya Mwislamu juu ya Mwislamu, na hapana kadi iliyo sharti yake.

Jeneza: maiti hana chama, amekwisha toka katika daftari la wapiga kura. Mwenye kuacha kumzika jirani kwa sababu ya kura ameacha jambo ambalo ni faradhi juu ya jamaa nzima.

Sala: imamu hutazamwa kisomo chake na ucha Mungu wake. Akiifanya mimbari kuwa jukwaa la chama, aonywe kwa adabu; lakini safu isivunjwe kwa sababu ya kura aliyoipiga nje ya msikiti.

Ndoa: Marekani, mwaka 1960, waliposailiwa wazee kama wangechukizwa mtoto wao akioa au kuolewa na mtu wa chama kingine, waliokiri walikuwa karibu 5 katika 100. Mwaka 2010 walikuwa karibu nusu katika chama kimoja, na thuluthi katika cha pili. Watu wenye skuli nyingi na magazeti mengi wamefika hapo, basi elimu ya dunia peke yake si kinga. Sisi sheria yetu imetaja dini na tabia ya mposaji. Tusiongeze sharti ambalo halikutajwa.

Ushahidi: useme kweli ijapokuwa yamdhuru mtu wa chama chako. Katika mambo matano haya, hili ndilo gumu kuliko yote, na ndilo liponyalo jeraha tuliyoitaja; kwa sababu aliyedhulumiwa hatakiacha chama chake kwa kuhubiriwa, lakini moyo wake hulegea siku amwonapo mtu wa upande wa pili akisimama kusema, "Hapa mlidhulumiwa."

Na ya kuwa dawa hii yawezekana, tumeiona kwa macho. Mwezi wa Novemba 2009 Rais Amani Abeid Karume na Maalim Seif walikutana wakapatana. Tarehe 31 Julai 2010 Wazanzibari wakapiga kura ya maoni juu ya serikali ya pamoja, na karibu thuluthi mbili wakakubali. Uchaguzi wa Oktoba mwaka huo, ingawa wagombea wawili walipishana kwa kura chache mno, ulipita kwa amani. Kisha uchaguzi wa 2015 ukafutwa kabla haujakamilika kutangazwa, na chuki ikarudi. Haya yatufahamisha mambo mawili: ya kuwa watu wale wale waliosusiana maduka wanaweza kuzikana tena, na ya kuwa amani isiyolindwa kwa insafu hukaa muda mchache.

Basi, ndugu, mwenye chama na abaki na chama chake, na asiye nacho asidharauliwe. Lakini kulla mmoja na akiweke mkononi, mahali awezapo kukitazama na kukihoji, na akiwa tayari kukitua. Babati wameona mtu mmoja akivikwa rangi mbili katika miaka 3, na pwani tumeona rangi ya miaka 20 ikipakwa juu yake rangi nyingine. Jirani aliye mlango wa pili hakubadilika katika muda huo wote; ndiye atakayeitwa usiku mgonjwa akizidiwa, na ndiye atakayeshika upande wa jeneza.

MASWALI YA DARSA

1. Katika milango mitano iliyotajwa, wewe uliingia chamani kwa mlango upi, na baba yako kwa upi?
2. Kwa nini jina la Ansari, nalo ni jina tukufu, lilikemewa katika safari ile?
3. Taja jambo moja ambalo chama ukipendacho kimekosea, na jambo moja ambalo chama usichokipenda kimepata. Ukishindwa kulitaja, rudia Fasili ya Nne.
4. Ni nani katika mtaa wako ambaye hukwenda kumzika au kumtazama katika ugonjwa kwa sababu ya siasa, na wafanyeje sasa na jamaa zake?

Wabillahi tawfiq.